Barua ya wazi: Pimeni shamba kabla ya kutangaza mavuno

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI),
Mtakwimu Mkuu wa Serikali,
na Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Bunge inayosimamia kilimo.

Kwa heshima na taadhima,

Barua hii siyo ya kuomba fedha zaidi. Mwaka 2021/22 bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294, na mwaka uliofuata ikaruka hadi bilioni 954. Tumeona mbolea ya ruzuku, tumeona maafisa ugani wakipewa pikipiki na vipima udongo, tumeona skimu za umwagiliaji zikijengwa. Anayesema kilimo kimetupwa hasemi kweli. Ninachokiandikia ni cha bei ndogo kuliko vyote hivyo, na nadhani ndiyo sababu kinasahaulika: mzani, tepu na daftari.

Nimekuwa bwana shamba kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, huku Nyanda za Juu Kusini, na sasa nimestaafu nalima mahindi na maharage kama majirani zangu. Kila baada ya msimu mkulima anaulizwa amevuna kiasi gani, naye anajibu kwa mfano, "Gunia kumi kwa heka." Jibu hilo linaandikwa, linajumlishwa na ya wenzake, linapanda kutoka kijiji kwenda kata, kata kwenda halmashauri, halmashauri kwenda mkoa, na mwisho wa safari linaitwa tani za taifa. Naomba tulisimamishe njiani tulikague.

Gunia ni nini? Sheria ya vipimo haitaki gunia la mazao lizidi kilo 100. Lakini gunia la shambani mara nyingi ni lumbesa, limeongezwa kichwa na kushonwa kwa kamba, na ukilitundika kwenye mzani unaweza kukuta kilo 120 au zaidi. Heka nayo ni nini? Kitabuni ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kijijini heka ni hatua 70 kwa hatua 70, na aliyepima akiwa mrefu, hatua yake ikafika mita moja kamili, amekupimia mita za mraba 4,900. Hiyo ni asilimia 21 zaidi ya ekari ya kitabu.

Sasa pigeni hesabu. Gunia 10 za kilo 100 kwenye ekari ya kitabu ni kilo 2,471 kwa hekta. Gunia hizo hizo kwenye heka ya hatua ndefu ni kilo 2,041. Gunia zikiwa lumbesa za kilo 120 na ekari ikiwa ya kitabu, unapata kilo 2,965. Mkulima yule yule, sentensi ile ile, na tofauti ya zaidi ya kilo 900 kwa hekta. Ya kuchekesha ni kwamba lumbesa ikikutana na heka ya hatua, makosa mawili yanafutana na jibu linakuwa kilo 2,449, karibu kabisa na la kitabu. Nawajua wataalamu wanaojifariji kwa hilo, kwamba makosa yatafutana yenyewe. Yanafutana wapi, na kwa nani? Hakuna aliyekwenda kupima.

Na hapo tumezungumzia mahindi makavu yaliyo peke yake shambani. Kwangu mahindi yamo pamoja na maharage, na maboga yanatambaa chini. Ukiniuliza nina heka ngapi za mahindi nitasema mbili. Ukiniuliza za maharage nitasema mbili. Shamba langu zima ni heka mbili. Halafu kuna mahindi mabichi: familia huanza kula na kuuza ya kuchoma wiki kadhaa kabla ya mavuno, na hayo hayamo kwenye gunia lolote. Mihogo ndiyo kabisa. Mama anang'oa shina moja leo kwa ajili ya chakula cha jioni, mawili keshokutwa, na anaendelea hivyo kwa miezi. Unamuulizaje mtu wa namna hiyo amevuna tani ngapi mwaka jana? Atakujibu, kwa sababu ana adabu na hapendi kumwacha mgeni bila jibu.

Siwalaumu wakulima. Jirani zetu wa Uganda wameshatupa somo bure. Watafiti walichukua ukubwa wa mashamba kama ulivyotajwa na wakulima wenyewe, wakaulinganisha na vipimo vya GPS. Wenye mashamba madogo walitaja eneo kubwa kuliko lilivyo, na wenye makubwa walipunguza. Kwa kosa hilo peke yake, tija ya mkulima mdogo ilikuwa ikionekana ndogo kuliko ilivyo. Baadaye utafiti mwingine mashariki mwa nchi hiyo hiyo ukaenda hatua mbele, ukakata na kupima mahindi yenyewe shambani, na hadithi ikageuka: mavuno yaliyotajwa kwa mdomo yalizidi yaliyopimwa, hasa kwenye vishamba vidogo. Mijadala mizima ya sera, je tumsaidie mdogo au mkubwa, ilikuwa imesimama juu ya namba ambazo ziligeuka mara mbili pale mtu alipobeba kifaa cha kupimia.

Kuna tatizo jingine ambalo halimo kwenye vitabu. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja, makisio ya msimu yalizaliwa na makisio ya msimu uliopita. Mvua ikiwa nzuri unaongeza kidogo. Ikiwa mbaya unapunguza kidogo, ila si sana, maana ukipunguza sana utaandikiwa barua ya kujieleza, na ukiongeza sana mwakani utapewa lengo usiloliweza. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Afisa ugani mmoja alikuwa na vijiji kadhaa, pikipiki haina petroli, na ripoti inatakiwa Ijumaa. Angefanyaje?

Waheshimiwa, namba hizo ndizo zinazofungua na kufunga mipaka. Mwaka 2017 usafirishaji wa mahindi kwenda nje ulizuiwa kwa hofu ya njaa, na wakulima wa Ruvuma na Rukwa wakabaki na mahindi yasiyo na soko. Mwanzoni mwa 2023 bei ya mahindi ilipanda hadi watu wa mijini wakalalamika, ilhali tulikuwa tukitangaziwa utoshelevu wa chakula unaozidi asilimia 100. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya wala kwamba tangazo lile lilikuwa la uongo. Sababu za bei ni nyingi, na majirani kununua kwetu ni mojawapo. Ninasema kwamba kwenye zao la mamilioni ya tani, kosa la asilimia 20 kwenye kipimo linatosha kugeuza ziada kuwa upungufu, na sisi hatuna njia ya kujua kama tumelifanya.

Njia ya kupima ipo, na ni ya zamani. Huko Bengal, India ya wakati huo, mtakwimu P. C. Mahalanobis alianza mwaka 1937 kupima zao la juti kwa sampuli. Badala ya kuuliza kila kijiji, alichagua mashamba kwa bahati nasibu, akatuma watu wakakate eneo dogo lililopimwa na kuliweka kwenye mzani. Mwenzake na mpinzani wake, P. V. Sukhatme, akaonyesha katika miaka ya 1940 kwamba eneo la kukata likiwa dogo mno jibu huwa kubwa kuliko kweli, kwa sababu mkataji huona huruma na miche iliyo mpakani akaiingiza ndani. Napenda sana kisa hicho. Hata huruma ya mkataji inaweza kupimwa, na ikishapimwa inarekebishwa.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu inayajua haya yote kuliko mimi. Sensa za kilimo zimefanyika, ya 2002/03, ya 2007/08, na ya 2019/20, na katikati kuna tafiti za sampuli. Lakini kutoka 2007/08 hadi 2019/20 ni miaka 12, na mkulima hawezi kupanga msimu kwa sensa ya miaka 12 iliyopita. Ninachoomba ni kidogo na ni cha kila mwaka: vijiji vichache katika kila wilaya inayolima kwa wingi, vichaguliwe kwa kura hadharani, siyo kwa kuangalia kilicho karibu na lami. Katika kila kijiji mashamba machache, nayo kwa kura. Mraba upimwe kwa tepu, mahindi yakatwe, yapukuchuliwe, yapimwe uzito na unyevu (mahindi yanayotoka shambani na unyevu wa asilimia 20 na zaidi hayawezi kuhesabiwa sawa na yale ya asilimia 13.5 yanayokubalika ghalani). Afisa alipwe posho na petroli kwa kazi hiyo, na asiadhibiwe kwa namba atakayoileta. Picha za satelaiti zinasaidia, ila nazo zinahitaji mtu aliyekwenda shambani kuzithibitisha.

Nihamie kwa ndugu zangu wa utafiti, maana hapa ndipo nina maneno zaidi.

Twende wote kwenye shamba darasa. Liko kando ya barabara ili wageni walione. Mwenye shamba ni mkulima hodari, pengine mwenyekiti wa kijiji. Mbegu imekuja bure, mbolea ya kupandia na ya kukuzia imeletwa kwa gari, palizi imefanyika kwa wakati kwa sababu mradi umelipa vibarua. Siku ya wakulima inafika, tunapiga picha, bango linasema mbegu hii inatoa gunia 25 kwa ekari. Mkulima ananunua. Analima mlimani kwenye udongo wenye tindikali, anapanda wiki mbili baada ya mvua kwa sababu ng'ombe wa kulimia ni wa kuazima, anapalilia mara moja. Anapata gunia saba. Anarudi kwenye mbegu yake ya zamani, na sisi tunaandika kwenye ripoti kwamba mkulima huyu ni mgumu kupokea teknolojia.

Lile bango halikuwa jaribio. Jaribio linahitaji cha kulinganisha nacho: kipande cha pili, shamba hilo hilo, mkulima huyo huyo, palizi hiyo hiyo, kilichopandwa mbegu yake ya kawaida. Na upande upi upate mbegu mpya uamuliwe kwa kurusha sarafu, wala asiachiwe bwana shamba, kwa sababu bwana shamba ana macho na atauweka upande wenye rutuba. Kisha lirudiwe kwenye mashamba mengi, ya tambarare na ya mlimani. Mtakwimu R. A. Fisher aliyafikia haya baada ya kuajiriwa kituo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919. Pale walikuwa na shamba la ngano la Broadbalk lililokuwa na kumbukumbu tangu 1843, miaka zaidi ya sabini ya namba, na bado ilikuwa kazi kutenganisha kilicholetwa na mbolea na kilicholetwa na mvua au magugu. Fisher akasema tatizo hilo litatuliwe kabla ya kupanda. Karne imepita. Pale Uyole, Ilonga, Ukiriguru na Selian wapo watafiti wanaolijua hili kwa moyo na wanalifanya vituoni kwao. Linapotoka nje ya geti la kituo ndipo linapotea.

Sikatai kwamba utafiti wetu umeshatuokoa. Chukueni korosho. Mwaka 1973/74 nchi ilikusanya takriban tani 145,000. Kufikia 1986/87 zilibaki kama tani 16,500. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni Operesheni Vijiji, watu walihamishwa mbali na mikorosho yao. Wengine walisema ni bei. Wengine walisema mikorosho imezeeka. Wote walikuwa na hoja, na kama tungebaki kwenye hoja tungekuwa tunabishana hadi leo. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, wakachukua mikorosho, mingine wakaipuliza dawa ya salfa, mingine wakaiacha, wakahesabu na kupima korosho za kila upande. Ikaonekana wazi kwamba ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, ulikuwa unakula sehemu kubwa ya mavuno, na kwamba unazuilika. Salfa haikurudisha watu kwenye vijiji vyao vya zamani wala haikupandisha bei ya dunia, lakini mkulima wa Newala na Tandahimba alipata kitu cha kufanya mwaka ule ule. Miaka thelathini baadaye, msimu wa 2017/18, nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Ukiuliza nini kilifanya salfa ikubalike hata na wabishi, jibu ni ile mikorosho iliyoachwa bila kupulizwa, iliyosimama pale pale kila mtu akiiona.

Au chukueni mihogo. Batobato, ugonjwa wa virusi wa mihogo, iliandikwa kwa mara ya kwanza kutoka Usambara mwaka 1894. Wajerumani wakafungua huko huko kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902, Waingereza wakakirithi, na kuanzia miaka ya 1930 H. H. Storey na R. F. W. Nichols walikuwa pale wakichavusha mihogo kwa mti wa mpira ili kupata mihogo inayohimili ugonjwa. Kazi ilichukua miaka mingi. Kila uzao ulipewa namba na kuandikwa. Kazi ya utafiti ilipohamia Muguga, Kenya, daftari zilikuwepo. Miaka ya 1950 mbegu za uzao ule zikapelekwa Nigeria, na kutoka humo watafiti wa Ibadan wakapata mihogo ya ukoo wa TMS. Batobato kali ilipofagia Uganda miaka ya 1990, mojawapo ya mbegu zilizosaidia kurudisha mihogo mashambani ni TMS 30572, ambayo Waganda wanaiita Nase 3. Ukoo wake unarudi mpaka Amani, milimani kwetu, karibu miaka sitini nyuma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, taasisi zake za utafiti zikagawanyika, lakini kile kilichokuwa kimeandikwa na kugawiwa wengine kilikuwa kimeshavuka mipaka.

Ndiyo maana nauliza: daftari zetu za leo ziko wapi? Kila mbegu mpya hupitia majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, kabla ya kuidhinishwa, kwenye maeneo kadhaa, kwa gharama. Katika duka la pembejeo ninaponunua mimi sijawahi kuona jedwali la majaribio hayo. Naona mfuko wenye picha ya gunzi lililojaa na maneno "mavuno mengi". Nipeni eneo kwa eneo: mbegu hii ilipimwa wapi, kwenye mvua ya milimita ngapi, udongo wa namna gani, ilitoa kilo ngapi, na mbegu ya kulinganishia ilitoa ngapi. Nipeni na zile zilizoshindwa. Mbegu iliyofanya vizuri Ilonga ikaanguka Mbozi si aibu ya mtafiti yeyote. Kwa mkulima wa Mbozi, hiyo ndiyo habari muhimu kuliko zote.

Mbolea nayo ni hivyo hivyo. Ushauri tuliozoea ni mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa ekari, Njombe hadi Kahama. Mfuko wa kilo 50 kwenye ekari ya kitabu ni karibu kilo 124 kwa hekta. Kwenye heka ya hatua ni kilo 102. Na kwenye udongo wenye tindikali kali mkulima angefaidika zaidi kama sehemu ya fedha hiyo ingenunua chokaa. Vipima udongo mlivyovigawa vinatoa majibu kila siku, halmashauri hadi halmashauri. Majibu hayo yakikusanywa mahali pamoja, yakahakikiwa na maabara ya udongo ya Mlingano, Tanga, na yakawekwa wazi kwa kata, tutakuwa na kitu cha kuelekezea ruzuku kuliko orodha ya majina tu.

Kama kuna anayeona haya ni mambo ya wasomi yanayochelewesha maendeleo, aende Kongwa, Dodoma. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulikaa wiki tisa tu ukichunguza, ukapendekeza mamilioni ya ekari za karanga. Kumbukumbu za mvua zilikuwa chache na udongo haukupimwa vya kutosha. Matrekta yakaja mwaka 1947. Kiangazi udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu mno kuchimbua karanga, mvua ikakataa ratiba, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Vipande vichache vya majaribio, kwa misimu michache, vingesema hayo kwa bei ya trekta moja.

Kuna jambo la kisheria pia. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kutoa takwimu zinazopinga za Serikali. Mwaka 2019 kifungu hicho kikalegezwa. Nilishukuru. Lakini woga hauondoki kwa tangazo la Gazeti la Serikali. Afisa wa wilaya ambaye sampuli yake imempa namba iliyo chini ya makisio ya mkoa bado analala macho. Barua moja kutoka kwenu, Waheshimiwa, ikisema wazi kwamba namba iliyopimwa ndiyo itakayotumika hata kama inaudhi, ingefanya kazi kubwa kuliko semina kumi.

Nikumbushe pia kwamba wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Tukibishana kama tumefika au hatujafika, tubishane pia ni kiasi gani cha hiyo kinakwenda kupima kama nyingine zote zimefanya kazi.

Maonyesho yajayo ya Nane Nane nitafika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, kwenye banda la TARI. Nitaomba jedwali la majaribio ya mahindi ya msimu huu, eneo kwa eneo, pamoja na ploti za kulinganishia. Kwenye banda la halmashauri nitauliza makisio ya mavuno ya wilaya yametokana na mashamba mangapi yaliyopimwa. Naomba wahusika waambiwe mapema kwamba maswali hayo yanakuja, na kwamba wanaruhusiwa kuyajibu.

Wenu mtiifu,
Bwana shamba mstaafu na mkulima,
Nyanda za Juu Kusini